Msomi wa Tenzi, Mwalimu wa "Hujambo"

Kila mwaka, kuanzia Februari hadi katikati ya Aprili, wahitimu wa fasihi ya Kiswahili walioomba nafasi za uzamili na uzamivu katika vyuo vya ng'ambo hungojea majibu. Wapo wa Unguja na Pemba, wapo wa Mombasa na Lamu, wapo wa Dar es Salaam na mikoa ya Bara. Barua ikija na maneno "ufadhili kamili", nyumba nzima huingia furaha, na nasaha zinazofuata huwa ni moja kwa vinywa vingi: nenda panapolipwa. Anayesita, akataka kwanza kujua atalipwa kwa kazi gani, atasoma nini na ataandika kwa lugha ipi, huonekana amekosa shukurani. Nasaha hiyo hutolewa kwa mapenzi. Lakini ni nasaha mbovu, na madhara yake kwa taaluma ya fasihi ya Kiswahili yamekuwa makubwa kiasi cha kustahiki kubishiwa hadharani.

Hakuna anayekataa kuwa mkono mtupu haulambwi. Mtu hawezi kuuchambua utenzi wa beti elfu moja huku akiwaza kodi ya chumba. Linalobishiwa ni dhana kwamba ufadhili wote ni wa jinsi moja, na kwamba tofauti yake ni ya tarakimu tu: huyu anatoa zaidi, yule anatoa pungufu. Ufadhili ni mkataba. Kila mkataba una kinachotolewa na kinachochukuliwa, na mwombaji aghalabu huusoma ukurasa wa kinachotolewa, akauacha ule wa pili.

Mfano ulio bayana zaidi ni wa Marekani. Programu za uzamivu wa fasihi katika vyuo vikuu vikubwa vya nchi hiyo zilijijengea desturi ya kumhakikishia mwanafunzi takriban miaka mitano ya ufadhili: karo husamehewa, posho ya kujikimu hutolewa, na bima ya afya hulipwa yote au sehemu yake. Badala yake mwanafunzi hufundisha. Kanuni za viza ya masomo humruhusu kufanya kazi chuoni saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula, na mkataba wa mwalimu msaidizi mara nyingi huzijaza saa hizo zote. Hadi hapo Mmarekani na Mswahili wako sawa. Tofauti huanza pale idara inapoamua nani afundishe nini. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza aliyezaliwa Ohio hupewa darasa la uandishi, au husaidia somo la riwaya, na kwa hiyo saa zake za kazi ziko jirani na saa zake za masomo. Mswahili, hata awe amekuja kusoma nadharia ya riwaya au historia ya utenzi, mara nyingi hukabidhiwa darasa la Kiswahili la mwaka wa kwanza. Atafundisha "hujambo" na "sijambo", ngeli ya M-WA, saa na siku za wiki, muhula baada ya muhula. Jioni atasahihisha mazoezi ya viambishi vya nafsi. Usiku, kama nguvu zimebaki, ndipo atakapofungua utenzi aliousafiria.

Ualimu wa lugha ni kazi ya heshima na una utaalamu wake. Si kazi ya kudharauliwa hata kidogo. Lakini siyo fani aliyoiombea nafasi. Na ubaya hauishii kwenye saa zilizopotea, kwa kuwa soko la ajira humsoma mtu kwa kazi aliyoifanya. Aliyefundisha sarufi ya mwanzo kwa miaka mitano, akachapisha kidogo kwa kukosa nafasi, huonekana mbele ya kamati ya ajira kuwa ni mwalimu wa lugha mwenye tasnifu ya fasihi. Nafasi itakayomfungukia kwa wepesi ni ya mhadhiri wa lugha, kwa mkataba wa muda, na siyo kiti cha fasihi. Kwa maneno mengine, chuo kilimpokea msomi wa tenzi, kikamtoa mwalimu wa "hujambo", na hakuna aliyemdanganya: yote yalikuwa ndani ya barua.

Mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha za kigeni, uliowavutia vijana wengi wa Kenya na Tanzania, ulikuwa mkweli zaidi katika jambo hili, kwani jina lake lenyewe limesema kazi ni kufundisha lugha. Ni wa mwaka mmoja wa masomo, nao hautoi shahada. Walioutumia kuzifahamu maktaba na kujuana na wasomi walifaidika. Waliouchukulia kuwa ni mlango wa moja kwa moja wa uzamivu walisahau kuuliza habari ya viza yake, ambayo inaweza kumlazimu aliyeipewa kurudi kwao na kukaa miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuomba baadhi ya viza za kazi na za ukaazi.

Ipo historia nyuma ya mgawanyo huu wa kazi, na inafaa ijulikane. Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik. Mwaka 1958 Bunge la Marekani likatunga sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na fedha zilizotokana na sheria hiyo ndizo zilizojenga vituo vya taaluma za Afrika na madarasa ya Kiswahili katika vyuo vya nchi hiyo. Ufadhili wa wanafunzi uliozaliwa na mpango huo ulikuwa kwa raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani. Matokeo yake ni kwamba, ndani ya chumba kimoja cha darasa, kijana wa Wisconsin aliweza kulipwa ili ajifunze Kiswahili, na kijana wa Makunduchi akalipwa ili amfundishe. Fedha za wa kwanza zilimwongezea saa za kusoma. Za wa pili zilimpunguzia. Hapana dhulma ya kulalamikiwa hapo. Marekani iliwalipia watu wake kwa maslahi yake, kama ilivyo haki ya kila taifa. Cha kushangaza ni kwamba upande wa pili wa bahari hakutokea taifa lililofikiri kuwalipia watu wake wausome utenzi kwa maslahi yake.

Na bomba hilo nalo limeanza kukauka. Novemba 2024 Chuo Kikuu cha Boston kilisimamisha kupokea wanafunzi wapya wa uzamivu katika fani kadhaa za sanaa na sayansi za jamii kwa mwaka uliofuata. Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Chicago kilifanya hivyo kwa baadhi ya idara zake za sanaa, na mwaka huohuo Wizara ya Elimu ya Marekani ikakatisha ruzuku za vituo vya lugha na taaluma za kanda zilizokuwa zikitoka kila mwaka. Aliyejenga taaluma yake juu ya mfuko wa mwenziwe hana pa kupeleka malalamiko mwenye mfuko anapoufunga.

Uingereza sharti ni la namna nyingine. Hapo mwanafunzi haambiwi afundishe. Huambiwa aeleze faida. Udhamini wa Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa mwaka 1959, umewasomesha wataalamu wengi wa Afrika Mashariki na unastahili sifa yake. Lakini katika miaka ya karibuni mwombaji hutakiwa aiweke mada yake chini ya mojawapo ya vichwa vya maendeleo: sayansi na teknolojia, mifumo ya afya, ustawi wa uchumi, amani na utawala, ustahimilivu wa majanga, au fursa kwa walioachwa nyuma. Mtu anayetaka kusoma mizani na vina katika utendi ulioandikwa mwaka 1858 na Mwana Kupona kwa ajili ya binti yake ataingia chini ya kichwa kipi? Ataingia kwa kuukunja utendi. Ataacha mizani, ataacha vina, ataacha swali la jinsi mama mgonjwa anavyoyageuza mawaidha kuwa dua, na ataandika kwamba utafiti wake utachangia usawa wa kijinsia katika pwani ya Afrika Mashariki. Huenda ukachangia. Lakini swali hilo limeulizwa na fomu. Utendi haukuulizwa chochote.

Hapo ndipo penye jeraha, na ni jeraha lisiloonekana kwa mtu anayehesabu posho peke yake. Mwombaji mmoja akiikunja mada yake, ni hila ya maisha na hakuna wa kumlaumu. Kizazi kizima kikizikunja, taaluma nzima hupinda. Riwaya huanza kusomwa kama bango la zahanati: inasema nini juu ya UKIMWI, juu ya haki za watoto, juu ya mazingira? Mada hizi ni halali kabisa pale kazi yenyewe inapozileta. Zikiletwa na mfadhili, mhakiki huokota sentensi tano zenye kuafiki, akaacha kurasa mia mbili. Ufundi wa mtunzi, ambao ndio uliomfanya awe mtunzi na asiwe ofisa wa afya, hukosa msomaji katika chuo kilichoahidi kumsoma.

Juu ya hayo, shahada ya uzamili ya kufundishwa madarasani nchini Uingereza kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, na tangu Januari 2024 mwanafunzi wa shahada ya namna hiyo aghalabu haruhusiwi kufuatana na mke, mume au watoto wake. Kwa kijana asiye na familia hilo ni dogo. Kwa mwalimu wa miaka thelathini na mitano mwenye watoto watatu, nalo ni sehemu ya bei, ingawa halimo katika hesabu ya pauni.

Ujerumani pana sura mbili. Vyuo vingi vya umma havitozi karo, japo jimbo la Baden-Württemberg lilianza mwaka 2017 kuwatoza wanafunzi wengi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Bayreuth pamekuwa na kongamano la Kiswahili tangu miaka ya 1980, ambako mtu husimama akasoma makala yake kwa Kiswahili mbele ya wataalamu na asitakiwe kuomba radhi. Hiyo ni neema. Lakini "hakuna karo" si sawa na "hakuna gharama". Anayeomba viza ya masomo bila ya mdhamini hutakiwa kuonesha fedha za kujikimu, na tangu Septemba 2024 kiwango kilichowekwa kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka, ziwekwe katika akaunti ambayo benki humruhusu mwenyewe kutoa kiasi fulani tu kila mwezi. Ni fedha ambazo mwalimu wa sekondari Zanzibar hawezi kuziweka pamoja kwa mshahara wake. Sura ya pili ni ya nafasi za kazi ndani ya mradi wa profesa. Hizi zina mshahara, zina bima, na kwa upande wa utu ni bora kuliko posho. Ila mradi ulipata fedha kwa swali ambalo profesa alikwisha liandika kabla ya mwanafunzi kupatikana. Likilingana na swali la mwanafunzi, ni bahati kubwa. Lisipolingana, mwanafunzi atatumia miaka mitatu au minne kulijibu swali la mtu mwingine kwa mifano ya kwao.

Wapo watakaosema kuwa haya yote ni manung'uniko ya mtu aliyeshiba, na kwamba aliyeko nyumbani anayatamani masharti hayo. Hoja hiyo ina uzito, na inafaa ijibiwe kwa kuitazama hiyo nyumba yenyewe.

Nyumbani vyuo vipo. Dar es Salaam ilipata Idara ya Kiswahili mwaka 1970, nayo leo ina taasisi ya Kiswahili ambayo mizizi yake inafika kwenye kamati ya lugha ya 1930. Zanzibar ina Chuo Kikuu cha Taifa, kilichoundwa kwa sheria ya 1999, ambacho hutoa shahada za juu za Kiswahili. Kipo Chuo Kikuu Huria, vipo Kenyatta, Moi na Nairobi. Na nyumbani pana kitu kimoja ambacho London wala Chicago hazikitoi: tasnifu huandikwa kwa Kiswahili. Jambo hilo si dogo. Anayeandika juu ya shairi kwa lugha ya shairi hulazimika kuvumbua istilahi pale asipozikuta, na istilahi hizo huwafikia wanafunzi, walimu wa shule na hata watunzi wenyewe. Anayeandika kwa Kiingereza hutafsiri beti, huziwekea tanbihi, hueleza kwa msomaji wa mbali mambo ambayo msomaji wa karibu anayajua, na nusu ya nguvu zake huishia kwenye ukalimani.

Lakini nani hulipia? Aghalabu hulipa mwenyewe. Mwanafunzi wa uzamivu wa fasihi visiwani au Bara ni mwalimu aliyekwisha ajiriwa, mwenye vipindi vyake, mwenye madaftari ya kusahihisha, anayesoma usiku na siku za mapumziko, na ambaye muda wa shahada yake hurefuka mwaka baada ya mwaka mpaka msimamizi wake akastaafu. Mikopo ya elimu ya juu ni deni, na kwa miaka mingi vipaumbele vyake vimeelekezwa kwenye udaktari, uhandisi na ualimu wa sayansi na hisabati. Udhamini wa serikali unaobeba jina la Rais Samia, ulioanza mwaka 2022, umewekwa kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza waliofaulu vizuri masomo ya sayansi. Hakuna wa kupinga nchi kusomesha madaktari. Linalohojiwa ni kimya kilichozunguka upande wa pili. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Kila Julai hukodiwa kumbi, hushonwa sare, huchapishwa mabango. Gharama za shamrashamra hizo kwa mwaka mmoja zingewatosha wanafunzi wangapi wa uzamivu kuacha vipindi na kukaa maktaba? Swali hilo halijawahi kuwekwa kwenye ratiba ya hafla.

Kwa hiyo wazee wanaowalaumu vijana kwa kukimbilia Ulaya wana nusu ya ukweli, na nusu hiyo wameishika kwa upande wa makali. Kijana hakukimbia utenzi. Alikwenda ulikolipiwa. Nyumba isiyolipia kitu haina haki ya kukasirika kikinunuliwa na jirani.

Historia ya wahakiki wakubwa inaonesha pia kwamba njia ya nje na ya ndani zote zimezaa matunda, na kwamba kilichotofautisha si mahali. Euphrase Kezilahabi alipokwenda Wisconsin kwa masomo yaliyomalizikia katika shahada ya uzamivu mwaka 1985, hakuwa kijana wa kupewa swali. Alikwisha chapisha Rosa Mistika, Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka, alikwisha zusha mjadala kwa mashairi ya Kichomi, na uzamili wake alikwisha ufanya Dar es Salaam juu ya Shaaban Robert. Alikwenda na ugomvi wake na nadharia za Magharibi, akautafutia maktaba. Tasnifu yake, juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi, ni ya mtu anayebishana na waliomkaribisha. Akarudi Dar es Salaam; Nagona na Mzingile zikafuata. Mulokozi kwa upande wake hakuhitaji bahari. Utafiti wake wa uzamivu juu ya tendi za nanga za Wahaya aliumalizia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, na hakuna mjadala wa tendi za Kiafrika leo unaoweza kumruka. Wala kurudi kwa Kezilahabi hakukuwa mwisho wa hesabu: katikati ya miaka ya 1990 alihamia Botswana kufundisha. Shahada ya nje ilimrudisha. Mazingira ya ndani ndiyo yalishindwa kumweka. Wanaopenda kulizungumza suala hili kana kwamba ni la uzalendo wa mtu binafsi wangeanzia hapo.

Lipo pia suala la mali yenyewe inayosomwa: iko wapi? Zamani jibu lilikuwa na nguvu upande wa Ulaya. Miswada iliyokusanywa na Taylor, Werner, Hichens na Knappert ipo London, katika maktaba ya SOAS. Hamburg ipo miswada ya tenzi kongwe. Aliyetaka kuigusa alipanda ndege. Leo sehemu kubwa ya hazina ya London imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na mtu aliyeko Chake Chake anaweza kuufungua mswada kwa hati yake ya Kiarabu na kuusoma, umeme ukiwepo. Dar es Salaam nako ipo miswada iliyokusanywa katika miaka ya 1960, ambayo J. W. T. Allen aliitolea orodha mwaka 1970, na ambayo bado haijachoshwa na wasomaji. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zipo mwendo wa dakika chache kutoka Mji Mkongwe. Kisichoweza kupigwa picha ni mzee anayeeleza kwa nini neno fulani limewekwa hapo. Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyezaliwa 1927, alifariki 2017. Wageni wengi walirudi makwao na shahada zilizojaa maarifa yake. Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu mwaka 1933, alifariki 2021. Hakuna kati yao aliyehitaji chuo ili ajue. Ni vyuo vilivyowahitaji wao. Na waliobaki wanazeeka.

Hapa pana kichekesho cha uchungu. Mwanafunzi wa Kizanzibari aliyeko London, akitaka kumhoji mtunzi wa Tumbatu, hujaza fomu ya kuomba fedha za utafiti wa uwandani. Hueleza gharama za safari, hatari za kiusalama, na maadili ya kuwahoji wenyeji. Fedha zikitoka, hupewa wiki sita za kuja kuwa mgeni. Mwenziwe aliyeko Vuga anahitaji nauli ya daladala hadi Mkokotoni na ya mashua ya kuvukia, lakini hana ruhusa ya kuacha vipindi.

Visiwa vyenye sifa ya kuwa chimbuko la Kiswahili sanifu haviwezi kuendelea kuingoja posho ya Wisconsin. Udhamini wa watu watano tu, wa miaka mitatu, wa kumtoa mwalimu darasani na kumlipa mshahara wake kamili ili asome na aandike kwa Kiswahili, hauko nje ya uwezo wa serikali inayojenga viwanja na barabara. Sharti lake liwe moja: nakala ya tasnifu ibaki visiwani, katika maktaba ambayo mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kuingia na kuifungua. Fedha za wafanyabiashara nazo zipo. Wanaodhamini mashindano ya mpira na maonesho ya mitindo hawajaombwa kwa uzito unaostahiki wadhamini uhakiki, na walioombwa waliombwa tarehe 6 Julai.

Hadi hayo yatakapokuwa, kijana mwenye barua mkononi hana budi kuamua kwa hali iliyopo, na hakuna aibu katika kukubali fedha za nje. Aibu ni kuzikubali kwa kufumba macho. Vyuo vingi vya Marekani vilijifunga kwa makubaliano ya pamoja kwamba mwombaji aliyepewa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Muda huo upo ili utumike. Kabla ya kutia saini aiandikie idara aulize: ni saa ngapi za kufundisha kwa wiki, na ni darasa gani, na je, kuna miaka ambayo hatafundisha kabisa? Baada ya mwaka wa pili, atafundisha fasihi au ataendelea na sarufi ya mwanzo? Msimamizi atakayepewa anasoma Kiswahili, na kama mada ni ya miswada, anasoma hati ya Kiarabu? Posho inaendelea miezi ya kiangazi au inakatika Mei? Mwaka wa kuandika tasnifu unalipiwa, au fedha zinakwisha pale kazi inapoanza? Je, sura moja walau inaweza kuandikwa kwa Kiswahili? Waliomaliza kabla yake katika idara hiyo sasa wanafanya kazi gani, na wapi?

Kuhusu shahada ya uzamili isiyo na ufadhili katika nchi ya karo kubwa, jibu ni fupi: aiache. Dar es Salaam au Zanzibar uzamili huo utamgharimu sehemu ndogo ya fedha hizo, ataandika tasnifu ya kwanza kwa lugha yake, na atakapoomba uzamivu, kokote, atakuwa na swali lake mwenyewe la kwenda nalo.

Majibu ya idara ayatake kwa maandishi. Mkuu wa idara aliyeahidi kwa mdomo mwezi Machi kwamba mwanafunzi atafundisha fasihi, huenda Septemba akawa yuko likizoni, na aliyeshika nafasi yake ana madarasa mawili ya Kiswahili cha mwanzo yasiyo na mwalimu.